Furaha Haikodishwi Ukumbini



Hapa visiwani, Ramadhani ikishamalizika na Mfungo Mosi kuingia, majumba hujaa hekaheka za harusi. Kuna singo, kuna hina na piko, kuna sare za mashoga, kuna ukumbi, keki na mpiga picha. Dini yetu haikukataza watu kufurahi. Kuitangaza ndoa na kulisha watu walima ni sunna, na sisi nani asiyependa kumuona bi harusi ametulia, ananukia udi na asumini? Lakini leo tunataka tusemezane jambo moja. Tumejizoesha kuamini kwamba furaha yote ya mwanamke imewekwa katika siku ile moja. Gauni linakodishwa, ukumbi unakodishwa, hata kiti cha maharusi kinakodishwa na kesho yake kinarudi kwa mwenyewe. Furaha haikodishwi.

Angalia yanayofuata. Fungate inakwisha, mashoga wamerudi makwao, piko imeanza kufifia. Mbele ya bi harusi kuna masufuria, ndoo ya nguo, nazi ya kukuna na mume anayetaka kuwahi kazini. Anafungua simu, anakutana na picha za harusi ya mwenzake iliyofanywa juzi, kubwa kuliko yake. Anajiuliza kimoyomoyo: ndiyo haya tu? Swali hilo likikaa bila jibu huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa ugomvi usiokuwa na kichwa wala miguu. Wapo wanaorudi kwao kabla ya mwaka kutimia, si kwa kudhulumiwa, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba siku za kawaida ndiyo ndoa yenyewe.

Sisi tunaamini jibu la swali lile limo ndani ya imani yetu, na halihitaji mchango wala kadi.

Tumkumbuke Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume wetu (S.A.W.). Mikono yake iliumia kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (S.A.W.) alikwenda nyumbani kwao usiku, wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha yeye na mumewe, Sayyidna Ali (R.A.), waseme kabla ya kulala: SubhanaLlah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Akawaambia kuwa hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Sayyidna Ali hakuliacha tangu siku ile, hata usiku wa vita vya Siffin.

Tuitazame hadithi hii vizuri. Bibi Fatma hakukaripiwa kwa kusema amechoka. Kuchoka si dhambi, na kulisema si ukosefu wa imani. Halafu mafundisho hayakupewa mke peke yake. Mume naye alikuwepo, akayashika. Nyumba ile haikuwa na mapambo, jiwe la kusagia lilibaki pale pale, lakini siku ilifungwa kwa shukrani badala ya lawama. Hiyo ndiyo furaha tunayoikusudia, ile inayokaa pamoja na kazi na mkono unaouma.

Na tusidhani furaha ya nyumba ya Kiislamu ni uradi tu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baadaye Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni badala ya ile. Mtume huyo huyo alikuwa akishona nguo yake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Mzaha wa mke na mume una nafasi yake katika dini. Mume kukuna nazi siku mke amechoka hakumpunguzii heshima; amefuata sunna.

Basi tufanye nini? Tuanze na kidogo. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya kushika simu, tutaje neema tatu za jana kwa majina yake: mvua iliyojaza pipa, mama aliyepona homa, chai iliyonywewa pamoja. Katika Surat Ibrahim, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameahidi kuwazidishia wanaoshukuru. Chetezo tulichofukizia siku ya harusi kisifungiwe kabatini. Tutie udi hata Jumatatu, baada ya Isha, bila mgeni yeyote. Na sahani ya mandazi ivuke ukuta kwa jirani, kwani furaha iliyogawanywa haipungui.

Jambo hili hata majirani zetu Wakristo wanalijua. Katika kitabu chao imo barua ya Paulo kwa Wafilipi, ambayo aliiandika akiwa kifungoni, na habari ya furaha inarudi humo tena na tena. Wao wana dini yao na sisi tuna yetu, lakini tunaishi mtaa mmoja, na wote tunaona kwamba anayemtegemea Mungu hangoji mambo yake yanyooke ndipo afurahi.

Hata hivyo tusifahamiane vibaya. Kushukuru si kunyamazia dhulma. Mwanamke anayepigwa, anayenyimwa chakula au kutukanwa kila siku asiambiwe "subiri tu, utaona heri". Qur'ani yenyewe, katika Surat An-Nisaa, imeelekeza wapatanishi watoke kwa watu wa mume na kwa watu wa mke, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili ya haki. Subira ya kweli haimzuii mtu kutafuta msaada.

Ombi letu kwa mama zetu, shangazi na masomo wanaomtia mwari ndani: pamoja na kumfundisha kujipamba na kumpokea mume, mfundisheni pia siku ya arubaini itakavyokuwa, siku isiyokuwa na ngoma wala wageni. Mwambieni kwamba siku hiyo nayo ni ya Mwenyezi Mungu, na ndani yake mna riziki yake ya furaha.

Na wewe bi harusi, vaa, pendeza, cheka na wenzako. Kisha usiku ule, ukishavua dhahabu, anza hesabu ya Bibi Fatma pamoja na mume wako. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.