Raba ya bei mbaya haikimbii yenyewe!

Leo tuongelee kukimbia, maana siku hizi hapa Dar kila mtu ni mwanariadha. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, tena kwa kumwacha Mjerumani sekunde 0.03 tu, mzuka umepanda. Nenda Coco Beach Jumamosi alfajiri ujionee. Wapo wa klabu za jogging na nyimbo zao, wapo wa maofisini wenye vitambi, na wapo waliokwenda kuuza sura tu. Hao nao tusiwaseme, angalau wameamka.

Tatizo ni moja. Utakuta mtu Jumatatu kanunua raba ya laki tatu, Jumanne katoka mkuku Mwenge hadi Ubungo, Jumatano anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Wiki ya pili raba kampa mdogo wake, na yeye anatangaza mtaa mzima kwamba kukimbia si kuzuri, kunaharibu magoti!

Magoti hayana kosa, bwana. Mapafu yanazoea mbio haraka, lakini mifupa na mishipa ya miguu inachelewa kukomaa. Ndiyo maana pumzi unaiona ipo, unaongeza gia, kumbe ugoko unalia. Kwa hiyo anza kama mtoto: kimbia dakika 1, tembea dakika moja na nusu, rudia hivyo mpaka dakika 20 ziishe. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati uwe unapumzika. Mwendo wenyewe uwe wa kupiga stori na mwenzako. Ukishindwa kumalizia sentensi, ujue unakimbizana na mtu asiyekuwepo. Mwenye presha, moyo au pumu amwone daktari kwanza, hilo halina mjadala.

Sasa raba. Najua utaniambia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, lakini Bikila hakukulia kwenye kiti cha ofisi, na hakukanyaga vipande vya chupa vya Sinza!

Habari njema kwa wenye vijisenti vya mawazo ni kwamba mtumba unafaa, ila uwe na jicho. Muuzaji atakwambia, "Sista, hii orijino, haijavaliwa kabisa!" Muitikie vizuri, halafu acha kuangalia juu kunakong'aa, geuza chini. Soli ikiwa imelika upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza kaishaikanyaga kwa mwendo wake, na wewe utarithi. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikilala upande, iache. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na kitambaa. Isiporudi, au ikiwa ngumu kama mbao, hiyo raba imekwisha hata kama inaonekana mpya. Lile povu huwa linazeeka lenyewe, hata kiatu kikikaa kabatini. Zile feki za dukani nazo zipime hivyo hivyo, jina la pembeni lisikuzuge.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako mfukoni. Vaa zote mbili, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisichomoke. Mara nyingi itakuwa kubwa kidogo kuliko namba ya viatu vyako vya kazini. Ukibisha, kucha zitageuka nyeusi na utanikumbuka.

Nguo zisikupe presha. Bukta na fulana nyepesi isiyoshika jasho inatosha, maana pamba kwa joto letu inakuwa kitambaa cha kudekia. Mapaja yakisuguana, paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Akina dada, kama pesa ya raba imebaki, inunulie sidiria ya michezo inayobana bila kukata pumzi. Hiyo si urembo, ni kifaa. Soksi za nailoni nyembamba zibaki kwa viatu vya harusi.

Barabarani, kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na spika za masikioni uziache nyumbani, hasa alfajiri bodaboda zikiwa hazina taa. Dada, usikimbie peke yako gizani, jiunge na kundi la jogging la mtaani kwenu. Na ukisikia maumivu sehemu moja tu ya mfupa, ukibonyeza unaruka, usijikaze kisabuni. Simama wiki hiyo, na yasipoisha nenda hospitali.

Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia chai ya asubuhi ya mkimbiaji, chapati ngapi na saa ngapi.