Sigara Wodini: Mzigo ni wa Nani?



Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote hapa Kenya, na hospitali zimo. Hospitali ya wagonjwa wa akili nayo ni hospitali. Twaiunga mkono sheria hiyo, ingawa sisi wenyewe tuliofanya kazi wodini hatuna mikono safi. Sigara ilikuwa ujira: mgonjwa akifagia apewe moja, akipiga kelele usiku apewe nyingine anyamaze. Moshi wake tuliuvuta sote.

Wako wasemao, "Mwacheni maskini, ndiyo starehe yake pekee." Lakini wenye maradhi makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na tumbaku ni moja ya sababu kubwa. Starehe gani hiyo?

Wengine wetu, hasa wa zamu ya usiku, twaogopa kupigwa. Hofu hiyo si ya bure, maana anayemnyima mgonjwa sigara si bwana mkubwa wa ofisini. Basi tutazame Uingereza walikokwisha kujaribu. Huko London, hospitali za akili za South London and Maudsley zilikataza sigara kabisa, ndani na uwanjani, Oktoba 2014. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kupigana kulipungua kwa asilimia 39 kwa mwezi. Aliyefanya kazi wodini hashangai: ugomvi mwingi ni wa sigara yenyewe, nani apewe na nani angoje.

Lakini wale hawakunyang'anya watu sigara tu. Watumishi walifunzwa, na wagonjwa wakapewa nikotini ya badala, kama viraka vya kubandika ngozini.

Tena liko jambo la dawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liivunje upesi dawa ya klozapini. Mgonjwa akiacha ghafula, dawa huzidi katika damu, naye aweza kuzidiwa na usingizi au kushikwa na kifafa. Kiraka hakizuii hayo, kwa kuwa ni moshi ufanyao kazi hiyo, si nikotini. Lazima daktari apime damu na kupunguza kipimo.

Kwa hiyo karatasi ya kubandikwa ukutani haitutoshi. Twataka viraka viwe stoo kabla ya siku ya kuanza, twataka mafunzo ndani ya saa za kazi, na mtu wa pili katika kila zamu ya usiku. Matawi yenye wanachama katika wodi hizo yamletee katibu maoni yao kabla ya mkutano ujao.