Msaada utangulie kufungwa kwa migodi

Hakuna ubishi kwamba makaa ya mawe huchafua hewa. Hata hivyo, nashikilia kwamba serikali inayoamua kuyaacha sharti iwaandalie riziki wanaoyategemea kabla ya kazi kukoma.

Mnamo 2007 Ujerumani iliamua kuondoa ruzuku ya migodi yake ya chini ya ardhi kufikia 2018. Mgodi wa mwisho, huko Bottrop, ulifungwa Desemba mwaka huo. Katika miaka hiyo 11, wachimbaji wengi walistaafu mapema kwa malipo au wakahamishiwa kazi nyingine.

Afrika Kusini ilianzia mwisho. Kituo cha umeme cha Komati, mkoani Mpumalanga, kilizimwa Oktoba 2022. Dola milioni 497 za Benki ya Dunia, za kukigeuza kituo hicho na kuwafaa wenyeji, ziliidhinishwa Novemba. Waajiriwa wa kudumu walikuwa na vituo vingine vya kuhamia. Vibarua na wachuuzi hawakuwa na pa kwenda.

Najua Ujerumani ni tajiri. Lakini kutoa notisi mapema na kuketi na vibarua hakuhitaji utajiri. Msaada unaofika kazi ikishakufa ni dawa iliyoletwa matangani.