Pasi ya Nyuma na Daftari la Ubatizo



Baada ya mchezo wa vijana wa vigango vyetu viwili tuliwakuta nje ya kanisa wakibishana kwa sauti kubwa: bao lile ni la nani? Mmoja alifunga. Lakini mwenzake, aliyekuwa karibu zaidi na lango, aliurudisha mpira nyuma kwa mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko yeye. Sheria kumi na saba za soka hazimtaji kabisa mtoa pasi ya bao. Ni watunza takwimu waliomwekea safu yake. Tuliwaambia hivyo, nao hawakuridhika. Tukawasimulia juu ya mchezo mwingine ambao jambo hili limehesabiwa kwa ukali zaidi.

Kule Marekani wana mpira wao unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mcheza raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi yao kuu. Alitoka katika raga, ambako mpira wa mkono haurushwi mbele kamwe, akaingia katika mchezo ambao tangu mwaka 1906 unaruhusu kurusha mbele. Sifa zote kubwa ziko katika kurusha huko.

Tazameni jinsi wanavyoandika. Mrushaji akitupa mbele, hata kwa upana wa kiganja, na mwenzake akaudaka, yadi zote zitakazokimbiwa baadaye huandikwa pia kwa jina la mrushaji. Akitupa nyuma, au pembeni sawasawa, mkono ni uleule na shabaha ni ileile, lakini yeye haandikiwi kitu: yadi zile huhesabiwa kuwa mbio za aliyepokea. Tena, pasi ya mbele ikianguka chini mchezo husimama bila hasara kubwa, ila ya nyuma ikianguka, mpira ungali hai na adui aweza kuuokota. Kwa hiyo anayetoa nyuma hubeba hatari yote na hesabu humpita.

Tarehe 9 Desemba 2018 Miami Dolphins walikuwa nyuma kwa 28 dhidi ya 33, zikiwa zimebaki sekunde 7. Ryan Tannehill akamrushia Kenny Stills. Stills akamtolea DeVante Parker. Parker akamtolea Kenyan Drake, naye akakimbia hadi mwisho wa uwanja. (Asidanganyike mtu kwa jina, huyo Kenyan ni Mmarekani.) Wakashinda 34 kwa 33. Tannehill aliandikiwa pasi ya bao ya yadi 69, na Drake akaandikiwa bao. Parker je? Kwa kanuni zao, anayepokea pasi ya nyuma baada ya mpira kudakwa haandikiwi kuwa amedaka. Bila mikono yake lisingekuwapo bao la kusimulia.

Hatusemi kwamba takwimu hizo ni za uongo. Hujibu swali zilizoulizwa, wala hazijibu jingine. Na hapo ndipo dhamiri yetu ilipotuchoma, maana sisi nasi tunatunza daftari.

Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza tuandike jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali alipozaliwa. Tumefungua daftari letu, ukurasa kwa ukurasa. Mhudumu yupo kila mstari, mara nyingi ni padre. Katekista hayupo hata mara moja. Yule aliyevuka Ruhuhu kwa mtumbwi wakati wa masika, akaacha nyavu zake za usipa au shamba lake la mihogo, akawafundisha wakatekumeni miezi na miaka, kisha siku ya Pasaka akasimama pembeni akishika ndoo ya maji: huyo hana safu. Mwisho wa mwaka nasi twapeleka jimboni idadi ya waliobatizwa, twapongezwa, na pongezi twazipokea.

Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliiweka rasmi huduma ya katekista. Ni jambo jema, lakini hati ya Roma haimnunulii mzee dawa ya macho. Baadhi ya makatekista wetu wastaafu wanaishi kwa msaada wa watoto wao, na vijana waliowafundisha hawajui hata nyumba zao.

Wapo watakaosema kwamba Bwana alifundisha mkono wa kushoto usijue utendalo wa kulia. Ni kweli, ila agizo lile amepewa mtoaji. Sisi tuliopokea hatukupewa ruhusa ya kusahau.

Basi tumenunua daftari la pili. Halitachukua nafasi ya lile la Kanisa, ambalo safu zake hatuna mamlaka ya kuzibadili. Kila jumuiya ndogondogo ilete majina ya makatekista wake, walio hai na marehemu, kigango walichohudumia na miaka. Walio hai na wasiojiweza waandikwe kwa wino mwekundu, ili Halmashauri ya Walei ianze nao inapogawa mfuko wa matendo ya huruma. Daftari liko ofisini kuanzia Jumanne, baada ya Misa ya asubuhi.