Duka lako mwenyewe mtandaoni au soko la watu? Soma kabla hujamlipa fundi

 

Wiki iliyopita nilifuatwa ofisini hapa Kharumwa na viongozi wa kikundi kimoja cha mpunga, watatu. Mwenyekiti kijana, katibu kijana, na mhazini ni mayu mmoja wa makamo ambaye hasemi sana. Wamepata ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, na mkononi walikuwa na karatasi ya makadirio kutoka kwa fundi wa kompyuta wa mjini. Tovuti ya kuuzia mchele, yenye sehemu ya kuagiza na kulipia, milioni 1 na laki 8. Mwenyekiti akaniambia, "Bwana shamba, tumechoka na madalali. Tunataka duka letu wenyewe mtandaoni, mteja wa Dar aagize moja kwa moja."

Niliwaomba wanipe wiki moja. Haya ninayoandika ndiyo majibu yangu kwao, na kwa kuwa swali hili nimeulizwa na wengine pia (wa asali, wa mafuta ya alizeti, hadi wa michembe), nimeona niliweke hapa wote tusome.

Kwanza nikiri, mimi mwenyewe nilishaingia mkenge. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa na banda la kuku wa kienyeji, nilimlipa fundi mmoja anitengenezee tovuti. Ilipendeza kweli, picha za vifaranga zinapita zenyewe. Kwa mwaka mzima niliuza kupitia pale trei tatu za mayai, na mbili kati ya hizo alinunua shemeji yangu. Mwaka ulipoisha jina la tovuti likatakiwa kulipiwa upya, ndo nikagundua lilisajiliwa kwa jina la fundi, si langu. Simu yake haipatikani hadi leo. Kwa hiyo mkiona naandika kwa uchungu, mjue unatoka wapi.

Sasa turudi kwenye mchele. Kikundi kinasema kwa kila kilo kinabaki na faida ya kama shilingi 300 baada ya kutoa kukoboa, magunia na usafiri. Gawanya milioni 1 na laki 8 kwa 300, unapata kilo 6,000. Tani 6! Msimu uliopita kikundi kizima kilipata mchele tani 4. Yaani wauze mavuno yote ya msimu mmoja na nusu ili kurudisha pesa ya fundi tu, na hapo hujaweka malipo ya kila mwaka ya jina na ya kuhifadhi tovuti, wala bando la anayejibu wateja. Mkopo wa halmashauri hauna riba, ni kweli, lakini marejesho yapo palepale. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya, na moja ya malalamiko makubwa yalikuwa vikundi kutorejesha. Kikundi chenu kikikwama, anayekosa ni kikundi kingine cha akina mama kinachosubiri zamu.

Na hata pesa ikipatikana, kuna hili ambalo fundi hatakuambia: tovuti haina wapita njia. Kibanda ukikijenga barabarani, hata asiyekuwa na nia atapita akione. Tovuti ni sawa na kujenga duka zuri katikati ya majaruba, halafu ukae usubiri mtu wa Mbagala alikumbuke. Watu utawatoa wapi? Itabidi utangaze Facebook, Instagram na WhatsApp. Basi kama mwisho wa safari unaenda kwenye soko la watu kuwaita wateja, kwa nini usianze kuuzia hukohuko?

Hapa kwetu kwenye dhahabu jambo hili tunalielewa vizuri kuliko wengi. Kabla ya Soko la Dhahabu la Geita kufunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo aliuza kwa aliyemfuata shimoni, kwa mizani ya huyohuyo mnunuzi. Soko lilipokuja likaweka wanunuzi wengi mahali pamoja, mizani inaonekana, bei inajulikana. Ndiyo, unakatwa mrabaha na ada ya ukaguzi palepale. Lakini hakuna mchimbaji mdogo anayejenga soko lake mwenyewe la dhahabu kwa kukwepa makato. Anaenda walipo wanunuzi.

Soko la mtandaoni ni hivyohivyo. Jiji, kurasa za kuuza na kununua za Facebook, magrupu ya mazao ya WhatsApp, huko watu wapo tayari na wanatafuta. Tangazo la kawaida mara nyingi ni bure, unalipia ukitaka lipandishwe juu. Ukifeli, umepoteza bando na muda. Hujapoteza mkopo.

Lakini nisiwadanganye kwamba soko la watu ni salama. Wangapi mnakumbuka Jumia? Ilikuwa na matangazo kila kona, na kuna wafanyabiashara wa Kitanzania waliouzia humo kila kitu. Novemba 2019 ikafunga shughuli zake Tanzania, mwezi huohuo ikaondoka na Cameroon. Kenya kulikuwa na Copia, yenyewe ilijenga mtandao wa mawakala hadi vijijini kabisa, maeneo kama yetu haya. Mei 2024 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Na tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Siku ile aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya WhatsApp, bila hata namba moja kwenye daftari, alikaa anaangalia simu tu.

Kwa hiyo hofu ya mwenyekiti ina msingi. Soko si lako, na mwenye soko anaweza kulifunga asubuhi moja bila kukuuliza. Ila ona kilichokufa pale: mlango wa kuingilia. Mteja bado yupo, bado anakula wali. Anayejua jina lake na namba yake ya simu ndiye anayebaki naye.

Kuna na jambo la pili ambalo katibu alilisema, na hapo alinishika. Alisema, "Afisa, kule sokoni mchele wetu unakaa pembeni ya wa Kyela. Sisi tunabaki kuwa bei tu." Ni kweli kabisa, na inauma. Kyela wana jina. Magugu wana jina. Wa kwetu ukitoka hapa Nyang'hwale unapita Kahama, ukifika Dar unaitwa mchele wa Kahama au wa Shinyanga, basi. Hakuna mpishi hata mmoja Kariakoo anayejua kuna mpunga unalimwa Kharumwa. Kwenye soko la watu mnunuzi anapanga kwa bei, na wewe mwenye mchele safi unapangwa na aliyechanganya Supa na Saro kwenye gunia moja.

Jibu langu kwa katibu ni kwamba jina halijengwi na tovuti. Linajengwa na mfuko. Mfuko wa kilo 5 ulioandikwa jina la kikundi, aina ya mchele, uzito halali na namba ya simu unaingia jikoni kwa mtu, unakaa pale wiki mbili, jirani anauona. Ukiisha, mama anapiga namba iliyo kwenye mfuko. Hilo ndilo duka lenu, na mlango wake haufungwi na mtu mwingine. Ile milioni 1 na laki 8 nunueni mizani nzuri, mashine ya kushonea mifuko, na mifuko yenyewe. Nendeni SIDO mkapate barua ya utambulisho, mfuate nembo ya TBS. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO husaidiwa gharama kwa miaka ya mwanzo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa. Na tafadhali, msichanganye mbegu. Supa iwe Supa. Hakuna tangazo linaloweza kufuta wali uliotoka mabonge nusu na nusu mgumu.

Mteja wa Dar nawaachia mmuote, siwakatazi. Ila wateja wenye njaa ya kila siku wako kilomita chache tu kutoka hapa. Kwenye machimbo madogo kuna mama lishe anayepika kilo nyingi kila siku, na ananunua mchele wa rejareja kwa bei ya juu kwa sababu hana muda wa kutoka. Ana simu, anaangalia status. Mama lishe 10 tu, kila mmoja akichukua kilo 50 kwa wiki, ni nusu tani kwa wiki. Tani 4 zenu zinaisha ndani ya miezi miwili na hakuna gunia lililopanda basi. Pesa inaingia kwenye lipa namba ya kikundi, si kwenye simu ya mwenyekiti (samahani mwenyekiti, lakini mhazini alitabasamu nilipolitaja hili). Na msitoe mzigo kwa kuoneshwa ujumbe wa muamala. Angalieni salio kwanza, meseji za kutengeneza ni nyingi mno siku hizi.

Mzigo wa mbali anzeni na Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari inayopita Geita na Sengerema haisubiri tena kivuko, na Mwanza ina walaji wa kutosha kabla hatujafikiria Dar.

Angalizo dogo kwa wanaolima choroko na dengu. Hapa mambo ni tofauti. Mazao haya serikali imeyaelekeza kwenye stakabadhi za ghala na mnada wa kidijitali wa TMX kupitia AMCOS, kwa hiyo kabla hujaposti tani zako Facebook pita kwanza ushirika uulize utaratibu wa msimu huu. Najua wengi hamuupendi mfumo huu, hasa kusubiri malipo. Nitauandikia makala yake peke yake, na sitaupamba.

Je, tovuti ni marufuku milele? Hapana. Siku daftari la kikundi likiwa na wateja 200 walionunua zaidi ya mara moja, na katibu anashindwa kujibu meseji, hapo njooni tukae tena. Na siku hiyo jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, nywila ziandikwe zikae kwa mhazini, na mkataba na fundi usomwe na watu wawili.

Wale viongozi nimeshawaeleza haya kwa mdomo jana. Mwenyekiti hajaridhika, aliniambia nafikiria kizamani. Katibu yuko katikati. Mayu mhazini alikuwa kimya muda wote, halafu akauliza swali moja tu: ile mashine ya kushonea mifuko inauzwa shilingi ngapi? Kikao cha wanachama wote ni Alhamisi, nao ndio watakaopiga kura.