Mifumo ya kahawa isimwache nje mkulima wa Muleba

Katika msimu wa mwaka 2024, kahawa ya Kagera iliuzwa kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa mkulima wa Bukoba na Muleba hiyo ni hatua nzuri, kwani bei hujulikana wazi. Lakini lipo swali lisilozungumzwa: je, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilichomo katika kompyuta ya chama cha msingi kina uwezo wa kufungua mifumo hii?

Suala hili liliwahi kuwagawa wataalamu wa kompyuta. Mwaka 2008, Microsoft ilipoandaa Internet Explorer 8, ilipanga kurasa ziendelee kusomwa kwa mtindo wa zamani hadi mwenye ukurasa aombe vinginevyo. Wengi walipinga, na Machi mwaka huo kampuni ikakubali kutanguliza viwango vya pamoja. Juni 2022 ikaacha kuihudumia Internet Explorer 11, na waliojenga mifumo kwa ajili ya kivinjari hicho pekee wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Upande wa pili nao una hatari yake. Tangu mwanzoni mwa 2023, matoleo mapya ya Chrome hayafanyi kazi kwenye Windows 7. Mfumo ukitegemea mambo mapya tu, karani mwenye kompyuta kuukuu atabaki nje.

Wapo watakaosema vyama vinunue kompyuta mpya. Kwa upande wa usalama hoja hiyo ina uzito, lakini gharama hiyo hatimaye hukatwa kwenye kilo ya mkulima. Na mfumo usipofunguka, malipo huchelewa. Mzazi anayedaiwa ada hatasubiri. Atamwendea mnunuzi wa butura, anayechukua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa.

Ushauri wangu ni kwamba mkataba wa kila mfumo utaje mambo mawili. Kwanza, ufuate viwango vya wazi, si kivinjari cha kampuni moja. Pili, kazi za msingi, yaani uzito, stakabadhi na malipo, zifunguke hata kwenye vifaa vya zamani. Majaribio yafanyike Kamachumu na Nshamba kabla ya msimu kufunguliwa, si Dar es Salaam pekee.

Mkulima mwenye busara hang'oi mibuni mizee yote kwa siku moja. Hupanda michanga, akaitunza, huku mizee ikiendelea kumlisha. Wajenzi wa mifumo wafanye vivyo hivyo.