Arubuni Si Akiba ya Uzeeni

Wako ndugu zetu walioko Marekani wanaotusifia biashara ya opsheni. Kule sheria inamruhusu mtu kuwa na akaunti yake ya kustaafu, iitwayo IRA, na mawakala wengine humruhusu kununulia humo mikataba hiyo. Sasa wanatuambia na sisi wazee wa Bagamoyo tuamke, tusilalie kiinua mgongo. Mimi napinga.

Opsheni si ajabu kwetu. Mtu akitaka mashua hutoa arubuni, mwenye mali amwekee kwa bei waliyopatana hadi siku fulani. Siku ikipita, arubuni imekwenda. Tofauti ni kwamba arubuni huhesabiwa katika bei, ya opsheni haihesabiwi. Tena mnunuzi wa opsheni mara nyingi hana haja na mashua. Anaombea bei ipande kabla ya siku kufika, aiuze ile haki. Ikipanda kesho yake, haimfai kitu.

Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Jeddah mwaka 1992 waliikataa opsheni, wakisema kinachouzwa si mali wala manufaa. Mwaka 1993, huko Brunei, wakairuhusu arubuni yenye muda maalumu. Mimi sitoi fatwa, natazama hesabu. Bidhaa inayouzwa pale ni muda, na mstaafu ndiye aliyepungukiwa na muda. Kijana wa miaka 30 akipoteza, atafanya kazi tena. Mzee wa miaka 60 atafanya nini?

Watasema hasara ni ile arubuni tu. Ndiyo, lakini ukiitoa kila mwezi na kila mwezi ikapotea, mfuko umekwisha. Kweli, mwenye hisa anaweza kununua haki ya kuuza ili ajikinge bei ikianguka. Hiyo ni kama bima, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kamari iliyovalishwa jina la akiba.

Mwaka 2018 kanuni zilipotaka malipo ya mkupuo yawe asilimia 25, wafanyakazi walilalamika mpaka Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33. Fedha tuliyoipigania hivyo, leo tuitupe kwa kubahatisha bei za New York?

Panda mananasi Kiwangwa. Yakichelewa mwezi mmoja kukomaa, bado ni yako. Opsheni ikichelewa siku moja, umebaki na karatasi.